Kilo za Mkulima, Sahihi ya Fundi: Majaribio ya Hifadhidata katika Viwanda vya Chai vya Kericho na Bomet



Nimeombwa nizungumzie majaribio ya programu. Nitaanzia kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, kwa sababu huko ndiko data zetu zinakozaliwa. Mama anafika na gunia, karani anaingiza namba yake ya mkulima, mizani ya kielektroniki inasoma kilo, uzito wa gunia unaondolewa, risiti inachapishwa. Kumbukumbu hiyo moja ndiyo inayozaa malipo ya mwezi, makato ya mbolea na ya mkopo, na mwaka wa fedha ukishafungwa tarehe 30 Juni, bonasi. Karo ya watoto kule Mogogosiek na Kapkatet inategemea kumbukumbu hizo. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mfumo haujajaribiwa mpaka ithibitike kwamba mkulima mwenye risiti mkononi anaweza kuishinda seva iliyokosea.

Chukua tatizo la mtandao. Kifaa cha karani kinatuma kilo, mtandao unakatika kabla seva haijajibu, kifaa kinatuma tena. Asipokuwa mwangalifu, msanifu atajikuta na kilo zilizoandikwa mara mbili. Wengi huliponya kwa kuiamuru hifadhidata ikatae kumbukumbu mbili zenye mkulima yuleyule, tarehe ileile na uzito uleule. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Msimu wa mvua majani yanapofurika, mtu huleta magunia mawili asubuhi moja, na si ajabu yote mawili yakasoma kilo 15. Gunia la pili linapotea kimyakimya, wala hakuna onyo popote, maana mfumo umefanya kama ulivyoagizwa. Kinachofaa ni kila upimaji upewe namba yake ya pekee palepale kwenye kifaa, namba hiyo ichapishwe kwenye risiti, na seva itambue marudio kwa namba hiyo tu. Kisha mjaribu azime mtandao katikati ya kutuma, atoe betri, apime magunia mawili ya uzito mmoja, halafu alinganishe risiti na seva moja baada ya nyingine.

Desimali nazo zina madhara yake. Ukijumlisha 0.1 mara kumi kwa namba za desimali zinazoelea, lugha nyingi za programu zitakupa 0.9999999999999999. Hifadhi gramu kama namba kamili, basi. Na kama kanuni ya kiwanda ni kukata sehemu ya kilo, iandikwe wazi ili wakulima waijue. Isijifiche ndani ya programu.

Kenya tuna mfano wetu wenyewe wa programu iliyokosea hesabu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, kura zilizokataliwa zilionekana kuzidi 300,000 kwenye skrini za ukumbi wa kujumlishia kura wa Bomas, na tume ya uchaguzi ikaja kueleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Fomu chache za majaribio, zenye jumla iliyokokotolewa kwa mkono, zinaweza kufichua kosa la namna hiyo kabla ya siku yenyewe.

Uingereza palitokea makubwa zaidi. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa vituo vya posta walihukumiwa kwa upungufu wa fedha, wengi wao kwa kutegemea hesabu za mfumo wa Horizon uliotengenezwa na Fujitsu. Ilidaiwa kwa miaka kwamba hakuna aliyeweza kuzigusa hesabu za kituo kutoka mbali. Desemba 2019 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoongozwa na Alan Bates, aliyekuwa msimamizi wa kituo cha posta, ilikuta kwamba iliwezekana. Kinachonikera zaidi ni kwamba walikuwapo mafundi waliozijua kasoro, huku watu wakipelekwa gerezani.

Kwa hiyo kilo zisifutwe wala zisiandikwe upya. Kosa lirekebishwe kwa kuongeza kumbukumbu mpya yenye jina la aliyerekebisha, saa na sababu, na mkulima apate ujumbe siku hiyohiyo. Msimamizi wa hifadhidata naye asiwe na mlango wa nyuma usioacha alama.

Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki inayopelekwa mahakamani iambatane na cheti chenye sahihi ya mhusika, na moja ya masharti ni kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Sahihi hiyo, fundi, inaweza kuwa yako. Jiulize leo ungeitia kwa ushahidi gani. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu wanaonakili majina, namba za simu na akaunti za wakulima halisi ili kujaribia programu. Tengenezeni wakulima wa kubuni. Si kazi ya siku nyingi.

Napendekeza jaribio lijalo lifanywe katika vituo viwili, kimoja karibu na mji wa Litein na kingine bondeni ambako simu haishiki, wakati wa majani mengi. Wakulima wachache waalikwe kukagua risiti zao dhidi ya orodha ya seva, kwa Kipsigis ikibidi, na fundi aliyeandika programu awepo kujibu maswali yao. Orodha ya tofauti zitakazoonekana ibandikwe kituoni kabla ya malipo ya mwezi huo.