Paipu ya Petroli: Kitu Kidogo Kinachoweza Kuvunja Kikundi

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vyenye pampu za maji)



Tunawashukuru kwa kuacha kazi za shamba na kuja kukaa nasi. Wengine mmetoka Subukia, wengine Solai, Rongai na Kampi ya Moto, na wengine kando ya mto Malewa kule Naivasha. Wote mna pampu ndogo ya petroli. Hamkupewa bure. Mlichanga kila juma, akina mama wakauza mayai, vijana wakafanya vibarua, mpaka pesa zikatosha. Hiyo pampu ndiyo inayonywesha sukuma wiki, nyanya na vitunguu wakati mvua imekataa.

Leo hatutazungumza juu ya vitabu vya hesabu. Tutazungumza juu ya paipu fupi inayotoa petroli kwa tangi na kuipeleka kwa kabureta. Mtatuuliza, je, hiyo ni kazi ya watu wa maendeleo wa kanisa? Hata sisi tulidhani ni kazi ya fundi peke yake, mpaka makosa yetu yakatufundisha.

Katika kikundi kimoja tunachokitembelea, paipu ya pampu iliharibika. Mweka hazina akaleta bei mbili. Moja ilikuwa ya paipu nyeusi ya mafuta. Nyingine ilikuwa ya paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, ile ambayo fundi wa kujenga hutia maji ili kupima usawa wa ukuta. Hiyo ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Sisi tuliokuwa tukikagua vitabu tuliwasifu kwa kuokoa pesa za kikundi.

Baada ya miezi michache paipu hiyo ikageuka njano, ikawa ngumu kama kijiti, ikapasuka pale inapoingia kwa kabureta. Petroli ikadondokea injini iliyokuwa moto na moto ukawaka. Kijana aliyekuwa zamu aliungua mkono na kifua. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona. Lakini nyanya zilikauka, na maneno yakaanza: nani alinunua? Nani alikuwa zamu? Nani atalipa hospitali? Wanachama watano walijitoa. Tulirudi kwa mkutano tukasema wazi kwamba kosa lilikuwa letu pia. Ndiyo sababu tuko hapa leo.

KWA NINI PETROLI HUHARIBU PAIPU

Petroli si kama maji. Maji hupita ndani ya paipu na kuendelea na safari. Petroli huingia katika mwili wa paipu yenyewe. Ile plastiki ya kupitisha maji huwa laini kwa sababu kiwandani ilichanganywa na kitu cha kuilainisha, kama vile mama anavyotia mafuta katika unga wa chapati. Petroli huosha kile kilainisho na kukitoa. Paipu hubaki ngumu, hunywea, kisha hupasuka.

Mpira wa tyubu ya baiskeli au ya gari una shida nyingine. Ukikutana na petroli hufura na kulegea. Kwa hivyo kufunga ufa kwa ukanda wa tyubu, jambo ambalo wengi wetu tumelifanya, si dawa. Na mpira usiofaa ukianza kumomonyoka kwa ndani, chembe zake huenda kuziba kabureta. Mnamlipa fundi asafishe kabureta mara tatu, na kumbe ugonjwa uko kwa paipu.

Kuna pia silikoni, paipu laini sana inayostahimili joto. Wengine huiona nzuri wakainunua. Hapa tujifunze kwa watu wanaorusha ndege ndogo za mfano zenye injini. Zile ndege zinazotumia methanoli huwekwa paipu ya silikoni, nayo hudumu. Zile zinazotumia petroli haziwekwi silikoni, kwa maana petroli huifurisha na kuidhoofisha. Basi ukiingia dukani usiulize, "Paipu nzuri ni ipi?" Uliza, "Paipu nzuri kwa petroli ni ipi?"

NAMNA YA KUCHAGUA

Kwa pampu zetu, inayofaa na isiyo ghali mno ni paipu nyeusi ya mpira wa nitrili, ambayo mara nyingi huwa na nyuzi zilizofumwa katikati. Tazama maandishi ubavuni. Tafuta neno FUEL, au herufi NBR, au alama ya SAE J30 R7. Kama haina maandishi yoyote na mwenye duka hajui ni ya nini, iache.

Kwa misumeno ya injini na mashine za mgongoni za kupulizia dawa, kuna paipu nyembamba ya rangi ya manjano iliyotengenezwa kwa petroli. Hiyo ni njano tangu kiwandani, msiichanganye na ile plastiki iliyogeuka njano kwa kuzeeka. Iko pia iitwayo Viton, inayoshinda hizi zote kwa kustahimili petroli, lakini bei yake ni kubwa.

Nenda dukani na kipande cha ile ya zamani. Injini nyingi ndogo hutumia paipu yenye tundu la milimita 4.5 hadi 6, lakini pima ya mashine yako. Ikiwa pana itavuja. Ikiwa nyembamba mno utailazimisha nayo itachanika. Nunua na klipu zake. Waya wa kufungia hukata mpira.

JARIBIO LA JUMA MOJA

Kama mna shaka, nunueni kipande kifupi kwanza. Kateni vipande viwili vinavyolingana, kila kimoja urefu wa kidole. Kimoja kiwekeni katika chupa ndogo ya kioo yenye petroli kidogo na kifuniko cha chuma. Iandikeni, iwekeni nje kivulini, mbali na jiko na mbali na watoto. Baada ya juma moja kitoeni na mkilinganishe na kile kikavu. Kufura kidogo tu si neno. Lakini kikiwa kimefura sana, kinanata, au kimetoa rangi katika petroli, hakifai. Kiacheni nje kikauke siku moja, kisha kikunjeni. Kikiwa kigumu au kikionyesha nyufa, msinunue paipu hiyo.

KUITUNZA

Kateni paipu kwa wembe mkali, isiache unyuzi wa kuingia kwa kabureta. Isiguse ekzosi wala isikunjwe kwa nguvu. Jua na joto huipasua ngozi ya nje hata kama ni paipu nzuri, basi pampu ikae kivulini.

Kila juma, injini ikiwa baridi, fungueni koki ya petroli mngoje dakika kumi, kisha mpitishe kidole kavu kwenye miisho yote miwili. Kidole kikilowa, msiwashe. Mvua za masika zikifika na pampu ikipumzika, fungeni koki na mwache injini imalize petroli iliyo kwenye kabureta. Na kila mwaka kabla ya kiangazi badilisheni paipu, hata kama yaonekana nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatusemi haya kwa kutisha watu. Sisi wa Nakuru tunajua petroli inaweza kufanya nini. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuteka, na moto ulipowaka waliokufa walizidi 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini bila kuonekana mpaka ukute jiko au sigara. Kinachodondoka kwa pampu yenu ni petroli ileile.

KAZI YA KUFANYA MKIRUDI NYUMBANI

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Kwanza, andikeni katika kitabu cha pampu tarehe paipu iliponunuliwa na tarehe ya kuibadilisha. Pili, tengeni pesa za paipu na klipu kila msimu, zisiguswe kwa jambo lingine. Tatu, chagueni watu wawili wa kukagua kila juma, mama mmoja na kijana mmoja, na wapewe mamlaka ya kusema "leo haiwashwi" bila kugombezwa na mtu, hata mwenyekiti.

Yule kijana aliyeungua amerudi kazini. Ndiye sasa anayekagua pampu ya kikundi chake, na akisema haiwashwi, haiwashwi. Wawili kati ya wale watano waliojitoa wamerudi. Watatu bado, nasi tunaendelea kuwatembelea.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Sasa tupokee maswali.