Nafasi ya Kupaki Mjini: Nani Analipa?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Wengine mmeshaanza kuulizana: sisi hatuna magari, haya mambo ya kupaki yanatuhusu vipi? Yanatuhusu sana. Mboga zenu hazifiki mjini kwa miguu. Mnakodi pikapu, na pikapu ikikaribia soko haina pa kusimama. Kando ya barabara pamejaa magari yaliyoletwa saa moja asubuhi, na hayataondoka mpaka jioni. Basi dereva anasimama katikati ya barabara, mnateremsha magunia mbio mbio. Mara anatokea askari wa kaunti (kanjo, kama tunavyomwita mpaka leo, ingawa makanseli yalikwisha mwaka 2013) na chuma chake cha kufunga gurudumu. Hapo ni faini, ama dereva atoe kitu kidogo. Vyovyote iwavyo, safari ijayo nauli ya mzigo imepanda. Nani amelipa? Ni kikundi.

Kwa nini gari linakaa pale kutwa? Kwa sababu katika miji yetu mingi ada hutozwa kwa siku. Tazameni Nairobi. Mwaka 2013 sheria ya fedha ya kaunti iliipandisha kutoka shilingi 140 hadi 300, na makelele yakawa mengi. Mwaka 2019 wakajaribu 400, watu wakaenda kortini, na mahakama ikaisimamisha. Miaka yote hiyo watu walibishana juu ya bei, iwe juu ama iwe chini. Lakini mwenye gari akishalipa ya siku nzima, ana haraka gani ya kuondoka?

Tufanye hesabu. Tuseme mjini kwenu ni shilingi 100 kwa siku. Mtu wa ofisi akiacha gari lake kwa masaa 10, amelipa shilingi 10 kwa kila saa. Pikapu yenu imesimama dakika 20 tu na imelipa 100 hiyo hiyo, yaani ni sawa na shilingi 300 kwa saa. Mmelipa mara 30 kumshinda yeye, na pengine hata nafasi hamkupata. Sisi tunaona hiyo si haki, hata kama risiti ni halali.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Los Angeles, Marekani, jina lake Donald Shoup, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya jambo hili mwaka 2005. Shauri lake ni rahisi: bei ya nafasi iwe ya kutosha tu kuacha nafasi moja au mbili wazi katika kila kipande cha barabara. Ikiwa barabara imejaa kabisa, bei iko chini mno. Ikiwa tupu, bei imezidi. Alipenda kutoa mfano wa mtaa wa kale wa mji wa Pasadena. Wenye maduka wa pale walilia kwamba wateja hawapati pa kupaki, kumbe nafasi zilizibwa na wafanyakazi wa maduka hayo hayo! Hata hivyo walikataa mita za kulipia, wakiogopa kufukuza wateja. Walikubali pale tu mji ulipoahidi kwamba pesa zote zitatumika katika mtaa wao. Mita ziliwekwa mwaka 1993, na pesa zake zikatengeneza njia za miguu, taa na usafi. Hatusemi Pasadena ni kama Kitale au Karatina. Lakini mtu anayeona pesa yake ikizibua mtaro mbele ya kibanda chake halipi kwa kinyongo.

Na vijana wetu? Mtu asizungumze habari ya kupaki Kenya akawasahau. Miaka ya sabini Nairobi ilikuwa na vijana wa mitaani walioelekeza magari kwenye nafasi na kuyalinda kwa sarafu chache, nao wakaitwa “parking boys”. Padre Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ndiye aliyeanzisha Undugu mwaka 1973 kwa ajili yao. Wengine waliona takataka ya kufagiliwa, yeye aliona watoto wa watu. Kazi ile ingali ipo katika miji yetu. Kwa maoni yetu, heri kaunti ikipatie kikundi cha vijana kazi ya kuelekeza magari na kufagia, wawe na beji na mshahara, lakini pesa ya ada wasiishike. Ilipwe kwa simu, risiti itoke.

Sasa, mlango uko wapi? Katiba ya 2010 iliweka mambo ya kupaki mikononi mwa kaunti. Hakuna ada inayotozwa bila sheria, na bunge la kaunti linatakiwa kuwashirikisha wananchi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mswada wa fedha, ambao ndio wenye ada hizi, hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi. Kikao cha maoni kikitangazwa, nendeni. Mara nyingi wanaojaza viti ni wenye maduka na wenye matatu. Ombeni ada ya saa badala ya siku, na nafasi ya kuteremshia mizigo karibu na soko, nusu saa bila malipo.

Lakini msiende mikono mitupu. Kila kikundi kitoe watu wawili wenye kalamu na daftari. Chagueni siku moja ya soko na siku moja ya kawaida. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kila baada ya nusu saa, piteni barabara iliyo mbele ya soko na kuandika tarakimu za namba ya kila gari, bila jina la mtu. Andikeni pia pikapu zilizokosa nafasi zikasimama barabarani. Msibishane na kanjo wala dereva. Daftari zikijaa zileteni kwa ofisi ya maendeleo hapa jimboni, tutajumlisha pamoja, na wenyewe mtachagua atakayesoma hesabu hiyo mbele ya kikao. Tungependa awe mama anayeuza sokoni.