Mbuzi Walilala Wapi?
Mhadhara wa umma kuhusu vichaka vya jangwani na rutuba ya udongo



Mezani hapa nimeweka chupa mbili za udongo. Nilizijaza asubuhi moja, kando ya laga, yaani mto wa msimu, kusini mwa Turkana. Ya kwanza niliichota chini ya mgunga mfupi uliobaki kichaka, mti ambao Waturkana huuita ewoi. Ya pili niliichota hatua sita kutoka hapo, mahali peupe. Katika ya kwanza mnaona majani yaliyooza, maganda yaliyotafunwa na vinyesi vya mbuzi. Katika ya pili mna mchanga na vikokoto, basi. Pale kichakani nilimwaga kikombe cha maji, yakanywewa papo hapo. Pale peupe yalitanda juu ya ukoko mgumu, kisha yakateremka zake.

Jua ni lile lile, mvua ile ile. Tofauti hii imetoka wapi?

Tumezoea kusema kwamba udongo wa jangwa ni maskini. Ni kweli, ila umaskini huo haukugawanywa sawasawa. Kwa mmea, kujua rutuba ni kiasi gani hakutoshi. La kufa na kupona ni iko wapi, na inapatikana lini.

Tuanze na lini. Udongo ukiwa mkavu, virutubisho havisogei, kwa sababu husafiri ndani ya maji. Mvua ikinyesha, vijidudu vya udongoni huamka, nitrojeni hufunguka, na karamu hiyo hudumu siku chache tu. Asiyekuwa na mkono tayari halambi kitu. Mwaka 1990, watafiti wa Utah State University huko Marekani walionyesha kwamba mimea ya nyanda kame, kikiwemo kichaka cha Artemisia tridentata, ikipata kipande cha udongo kilichorutubishwa, mizizi yake iliyomo humo huongeza kasi ya kufyonza fosfeti ndani ya siku chache tu. Mizizi mingine ya mmea ule ule, iliyo katika udongo fukara, haijisumbui. Mmea hauna macho, lakini unajua pa kuweka nguvu zake.

Fosforasi ina kisa chake. Katika udongo wenye chokaa hufungwa na kalsiamu, ikawa kama fedha katika sanduku lisilo na ufunguo. Baadhi ya mizizi hutoa asidi zinazolegeza kifungo hicho, na mingine hushirikiana na kuvu, ambao nyuzi zao nyembamba hupenya mahali mzizi usipofika. Nitrojeni nayo, mgunga na jamaa zake wa jamii ya kunde huipata hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi. Huduma hiyo si ya bure: bakteria hulipwa sukari, na kazi yao hudai fosforasi. Palipo na uhaba wa fosforasi, hata utajiri wa hewani hauchoteki.

Kilichopatikana hakitupwi. Kabla jani halijadondoka, mmea huvuta nitrojeni na fosforasi yake na kuirudisha shinani, mara nyingi nusu au zaidi. Jani linaloanguka limekwisha kukamuliwa. Hata hivyo, masalio hayo huangukia pale pale, juu ya mizizi ya mwenyewe. Matawi hunasa vumbi la upepo. Ndege hutua na kuacha chao, mbuzi hukimbilia kivuli na kuacha chao pia. Miaka ikipita, kichaka kinakuwa kimejijengea udongo wake. Vichaka kama hivi wanaikolojia huviita visiwa vya rutuba.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi naongeza: kibaba kikijaa, kuna pishi lililopungua. Kisiwa hujazwa kwa sehemu na kile ambacho upepo na maji vimekipora pale peupe. Katika bonde la Jornada, New Mexico, wapimaji ardhi wa mwaka 1858 walikuta nyanda pana za nyasi. Leo sehemu kubwa ni vichaka. Mwaka 1990 William Schlesinger na wenzake walieleza katika jarida la Science jinsi hali hiyo inavyojilisha yenyewe: nyasi zikipungua, rutuba iliyokuwa imetandazwa hujikusanya chini ya vichaka, na pale katikati nyasi hazipati pa kurudia. Sisi tuna mti wa mathenge, ulioletwa Baringo katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Mbinu zile zile zinazouwezesha mmea kuishi penye dhiki, ukizipeleka kwenye ardhi yenye maji karibu, humfanya mgeni atwae nyumba.

Sasa nirudi Turkana. Mbuzi hula maganda ya ewoi, na mbegu nyingi hutoka salama katika kinyesi. Usiku kundi hulala ndani ya zizi la miiba. Familia ikihama, huacha nyuma samadi iliyochanganyika na mbegu. Mvua nzuri ikija, migunga huchipua mle mle zizini. Robin Reid na Jim Ellis waliandika habari hiyo mwaka 1995, wakati ambapo wafugaji walikuwa bado wakitajwa mara nyingi kama waharibifu wa misitu.

Kwa hiyo mchoma makaa anapong'oa kichaka, hasara haiishii kwenye kuni: anaacha kisiwa wazi, na upepo hautakawia kukitawanya. Na mradi unaopanga miche elfu kwa mistari iliyonyooka pale peupe unaipanda katika chupa hii ya pili. Wanafunzi wangu, siku mtakapopewa kazi hiyo, kabla ya kufungua ramani mtafuteni mzee wa mji, mumsalimu, kisha mumuulize mbuzi walilala wapi.