Mbwa wa wote, nani amlishe?

Kwetu mbwa ni mlinzi. Hulala nje, hubwekea wezi, na akisogelea jiko hutupiwa jiwe. Leo nazungumzia mbwa wa aina nyingine: yule anayeishi katika makao ya wagonjwa wa akili, akiwa mali yao wote.

Najua wapo watakaocheka: dawa zenyewe hazitoshi, wewe waleta habari za mbwa! Lakini jambo hili lina historia. Mwaka 1796, mjini York, Uingereza, William Tuke na wenzake walifungua makao yaitwayo Retreat. Zama hizo wagonjwa wa akili wengi walifungwa minyororo. Pale walipewa bustani na wanyama wadogo, kama sungura na kuku. Katika miaka ya 1970, huko Ohio, Marekani, Samuel Corson na mkewe Elizabeth walikuwa wakichunguza tabia za mbwa karibu na wodi ya wagonjwa wa akili. Wagonjwa waliposikia mbwa wakibweka waliomba kucheza nao. Baadhi ya waliokuwa kimya siku nyingi wakaanza kusema.

Mimi sishangai. Mgonjwa wa akili kila siku hupokea: dawa, chakula, amri. Mbele ya mbwa, yeye ndiye mtoaji. Mbwa hajui jina la ugonjwa. Anaujua mkono unaomlisha.

Hata hivyo, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha kumlisha mbwa, atashinda njaa. Kwa hiyo zamu ziandikwe ukutani, na mfanyakazi mmoja awe mwenye dhamana, maana wagonjwa hupona wakaenda zao. Chanjo ya kichaa cha mbwa isikose, kwani dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Wakazi nao waulizwe kwanza: yupo anayeogopa mbwa, na yupo Mwislamu ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi. Mbwa mwenyewe apewe pembe yake ya kupumzika. Akivutwa mkia kutwa kucha atauma, na lawama atabebeshwa mgonjwa.

Asiyeweza kuyatimiza hayo asilete mbwa. Kumpa mgonjwa rafiki, kisha rafiki huyo akadhoofika kwa njaa mbele ya macho yake, ni kumwongezea maradhi.