NYUKI WA PORINI NA MEZA YA FUTARI

(Mada hii ilitolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, tukisubiri kufuturu. Tumeiandika karibu kama ilivyozungumzwa.)



Najua saa hizi midomo imekauka na macho yako jikoni, kwa hivyo sitawachosha. Na kwa kuwa macho yako jikoni, hebu tuanzie huko huko.

Jioni hii, inshallah, mbele yetu kutakuwa na tende, tikiti maji, sharubati ya pasheni, sambusa, na pengine mchuzi wa mabiringani. Nawauliza: katika hivyo, ni kipi kimefika mezani bila nyuki kuwa na mkono wake? Nasikia kijana hapo mbele anasema sambusa. Haya, unga wa ngano kweli hauna haja na nyuki. Lakini kitunguu kilicho ndani kilitoka kwenye mbegu, na mbegu ya kitunguu inataka mdudu wa kuchavusha maua yake. Tende ndiyo iliyosalimika, kwa sababu mtende huchavushwa na upepo au mkono wa mkulima. Vilivyobaki, ndugu zangu, vina deni kwa nyuki.

Chukua tikiti maji. Mmea mmoja una maua ya kiume na ya kike mbali mbali. La kike utalijua kwa kijibonge kidogo chini ya petali. Ua hilo hufunguka asubuhi, na ikifika mchana linafunga, basi. Katika saa hizo chache lazima aje mtu wa kubeba chavua, yaani ule unga wa ua, kutoka kwa la kiume. Asipokuja, kijibonge kinanyauka. Akija mara moja moja tu, tikiti linatoka limepinda upande.

NYUKI SI MMOJA

Sasa wengi wetu tukisikia nyuki tunamfikiria yule wa mzingani, wa asali na wa kuuma. Huyo ni kabila moja tu. Wataalamu wameshaorodhesha zaidi ya aina 20,000 za nyuki duniani, na walio wengi hawana mzinga wala malkia. Kila jike huishi peke yake, anachimba kijishimo ardhini au anatafuta tundu kwenye ukuni, anaweka chakula cha wanawe, anataga na kufunga mlango.

Yuko nyuki seremala, yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti na kutuvumia masikioni. Watoto humkimbia, na kumbe ndiye fundi wa pasheni. Pasheni ya manjano, ile tunayoijua sana huku pwani, haizai kwa chavua yake yenyewe. Lazima iletwe ya mche mwingine. Ua lake ni kubwa, na nyuki mdogo anaingia chini yake anaiba chavua na kutoka bila kugusa panapotakiwa. Seremala, kwa ukubwa wake, mgongo wake unafika.

Halafu biringani. Chavua yake imefungiwa ndani ya vijifuko vyenye vitundu nchani, mfano wa kichupa cha chumvi. Nyuki wa mzingani hajui kukitikisa. Wako nyuki wa porini wanaolikumbatia ua na kutetemesha misuli ya mbawa mpaka unga ukamwagika. Ukisimama shambani asubuhi unausikia ule mlio.

Na wako nyuki wadogo wasio na mwiba, wadogo hata watu hudhani ni vinzi. Hawa wana malkia na asali, ila nyumba yao huwa kwenye mti wenye uwazi, au ardhini, au ufa wa ukuta. Mlangoni hujenga kijibomba cha nta na ulimbo.

Katika Surat an-Nahl, aya ya 68 na 69, Mola wetu ametaja mahali nyuki alipofunuliwa kufanya makazi: milimani, mitini, na katika vile wanavyojenga watu. Tuzingatie hapo. Mahali pawili kati ya hapo patatu si kazi ya mikono yetu. Sisi kazi yetu ilikuwa kutopaharibu.

MSITU UKIKATWA VIPANDE

Zamani misitu ya pwani yetu ilikuwa karibu imeshikana. Leo Arabuko-Sokoke, kule Kilifi, yenye kilomita za mraba zipatazo 420, ndiyo kipande kikubwa kabisa cha msitu wa pwani kilichobaki Kenya. Humo mna mirihi ambayo maua yake nyuki huyapenda sana, na mibambakofi mikongwe. Nje yake tumebaki na vijipande: misitu ya Kaya za Mijikenda, ambayo UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2008, na baadhi yake ni hekta makumi tu, imezungukwa na mashamba, barabara na machimbo. Huko magharibi hali ni hiyo hiyo. Msitu wa Kakamega ni ncha ya mashariki ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, na kando yake kuna vipande kama Kisere na Malava vilivyobaki peke yao.

Mtu atasema, si nyuki ana mbawa? Aruke! Ndugu yangu, mbawa zina kiasi. Nyuki wa mzingani anaweza kwenda kilomita kadhaa kutafuta maua. Yule mdogo kabisa, mia chache za mita tu amefika mwisho wake. Shamba tupu lisilo na ua wala kivuli, kwake ni kama bahari.

Na kuhama ndiko kugumu zaidi. Nyuki wa mzingani wakihama, kundi zima linatoka na malkia wao, linapata mti mpya, hesabu imekwisha. Nyuki wadogo hawahami hivyo. Kwanza wafanyakazi hutafuta tundu jipya, halafu kwa siku nyingi hubeba nta na chakula kutoka nyumba ya mama kupeleka nyumba ya binti. Kama mama anavyomhamishia bintiye vyombo, sufuria moja moja. Kwa hivyo nyumba mpya lazima iwe karibu na ya zamani. Ukikata miti mikongwe ya katikati, binti hana pa kwenda.

Liko na tatizo la tatu, ambalo halionekani kwa macho. Kwa nyuki, yai lisilorutubishwa huwa dume, na lililorutubishwa huwa jike. Lakini kundi likiwa dogo na limefungiwa katika kipande kimoja, ndugu huishia kuoana na ndugu. Hapo mayai mengine yaliyorutubishwa, ambayo yangekuwa majike wa kazi, hutoka madume, tena madume ambao kwa kawaida hawazai. Sisi tumewekewa mipaka ya maharimu tukaijua. Nyuki aliyefungiwa kwenye kijipande cha msitu hana wa kwenda kumposa.

MASHAMBA YA NGURUMAN

Kuna utafiti uliofanywa hapa hapa Kenya, Nguruman, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa katika Kajiado, uliochapishwa mwaka 2008. Barbara Gemmill-Herren na mwenzake walichunguza ni nani anayechavusha mabiringani ya wakulima. Wakakuta ni nyuki wa porini, akiwemo nyuki seremala, na kwamba nyuki hao wanategemea pori lililo jirani na mashamba. Sababu ni nyepesi: ua la biringani lina chavua lakini halina maji matamu. Nyuki anafanya kazi shambani kwako, na chai yake anakwenda kunywa porini. Fyeka pori lote upanue shamba, na umemfukuza kibarua ambaye hujawahi kumlipa hata senti.

Lakini tusije tukasema kila nyuki anataka msitu mnene. Mtafiti wetu Mary Gikungu, wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alipochunguza nyuki wa Kakamega alipata zaidi ya aina 200, na wengi walikuwa sehemu za wazi na vichaka vinavyochipua upya, kuliko chini ya miti mikubwa yenye giza. Wa kuchimba ardhi wanataka jua, wa kwenye matundu wanataka mti mkongwe. Basi kinachotakiwa ni mchanganyiko, na vituo vya kupumzikia njiani: uzio wa maua, kichaka, mti mmoja wenye tundu.

NA SISI JE?

Hapa ndipo ninapotaka kukiri jambo. Mwaka juzi, mwisho wa Shaabani, tulikwenda kusafisha makaburi ya mtaani kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza mabarobaro. Tulifyeka mpaka udongo ukaonekana. Kwenye mkwaju mkongwe kulikuwa na tundu, na mlangoni kijibomba chembamba kama mrija wa kalamu. Vijana wakasema, vinzi hivi vinaudhi. Nikawaambia, tieni moto. Tukatia.

Mzee mmoja akaja na bakora yake, akatazama, akasema, "Wanangu, hawa hawana hata mwiba. Wamewakosea nini?" Hakusema zaidi, akaenda zake. Hadithi ya Mtume (S.A.W.) niliijua, ile aliyopokea Abu Dawud, ya kukataza kuuawa viumbe wanne, na nyuki ni mmoja wao. Niliijua, na moto nikautia.

Nimepita hapo mara nyingi. Tundu lipo, jeusi. Hakuna anayetoka wala kuingia, kwa sababu hakuna mti mkongwe mwingine karibu wa kutoa binti wa kuja kuhamia.

Sasa kabla ya Idi tutakwenda tena makaburini. Naomba tukubaliane mambo manne kabla hatujafuturu.

Kwanza, tufyeke njia na juu ya makaburi, lakini kandokando ya ukuta tuache ukanda wa maua ya mwitu. Makaburi yetu mijini ndiyo sehemu chache ambazo hazijajengwa. Hicho ni kituo cha nyuki.

Pili, hatuchomi. Majani tuyakusanye pembeni yaoze. Na mti mkongwe wenye uwazi usikatwe ila ukiwa na hatari kwa watu.

Tatu, wenye mashamba na wenye kupulizia dawa, tusipulizie asubuhi maua yakiwa wazi. Tungoje jioni, nyuki wamerudi kwao.

Nne, kila familia ipande mti mmoja wa maua au wa matunda. Tunajua kwamba anachokula ndege, mtu au mnyama katika alichopanda Muislamu, ni sadaka kwake. Mwezi huu tunaotafuta sadaka kila kona, hiyo iko mlangoni.

Na vijana wanaotafuta kazi wasidhani haya ni ya kujitolea tu. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimewafundisha wakazi wanaopakana na msitu wa Kakamega kufuga nyuki wadogo katika visanduku vya mbao, na asali yake hutafutwa sana. Lakini visanduku hivyo havina maana kama hakuna msitu wa kuwalisha.

Naona mzee wa jikoni ananitazama. Namalizia. Jioni hii ukikata tikiti maji, tazama mbegu zile nyeusi. Kila moja ni alama kwamba kuna chavua iliyofika, na aliyeileta ni mdudu fulani ambaye naye ana nyumba. Tumuombe Mwenyezi Mungu atusamehe tulizozichoma kwa kutojua, na zaidi tulizozichoma tukijua. Na Idi ikifika, nikipita chini ya ule mkwaju, niwe nimeshapanda mwingine karibu yake.