PRESHA ISIYOSHUKA: TUTAFUTE CHANZO CHAKE

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, fundi wa breki, mbele ya mkutano wa wafanya kazi wa reli)



Mimi si daktari. Elimu yangu ni ile ya shule ya misheni, na mengine nimeyapata kwa kusoma na kuuliza. Lakini jambo la presha ya damu latuhusu sana sisi watu wa reli. Dreva akipimwa na presha yake ikaonekana haishuki, huenda akaondolewa kwenye injini, na nyumbani watoto wangoja karo.

Twajua desturi ilivyo. Mtu hupewa dawa moja, halafu ya pili, halafu ya tatu, na presha iko pale pale. Hapo maneno huanza: huyu hanywi dawa, huyu mlevi, huyu amerogwa. Pengine ni kweli hanywi dawa. Lakini pengine anywa kila siku, na ubaya uko mahali pengine. Katika karakana hewa ya breki ikizidi kipimo, hatuilaumu geji. Twatafuta kilichoharibika.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizi hutoa homoni ya aldosteroni, ambayo huamuru figo kuzuia chumvi isipotee katika mkojo, na kutoa potasiamu. Aldosteroni ikizidi, chumvi na maji hubaki mwilini na presha hupanda. Potasiamu ikipungua sana, misuli hulegea.

Mwaka 1955 Dr. Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alieleza habari za mama wa miaka 34. Kwa miaka 7 mama huyu alikuwa akikazwa na misuli, na mara nyingine akipooza kwa muda. Presha yake ilikuwa juu, potasiamu chini. Alipopasuliwa Desemba 1954, ulionekana uvimbe katika tezi moja. Ulipotolewa, akapona. Lakini tusidanganyike: wengi wenye ugonjwa huu potasiamu yao ni ya kawaida, kwa hiyo kupima potasiamu peke yake hakutoshi.

Kipimo chenyewe ni cha damu, nacho hutazama vitu viwili pamoja: renini na aldosteroni. Renini hutoka katika figo, nayo ni kama amri ya nyapara. Aldosteroni ni kama kazi inayofanywa. Amri ikipungua, kazi nayo yapasa kupungua. Ikiwa amri ni ndogo na kazi ni nyingi, tezi inajiendea yenyewe. Waafrika wengi wenye presha huwa na renini ya chini hata kama tezi zao ni nzima, kwa hiyo daktari hutazama pia wingi wa aldosteroni yenyewe.

Damu hutolewa asubuhi, mtu akiwa ameamka kwa muda wa saa 2 au zaidi, kisha ameketi dakika 5 hadi 15. Asijinyime chumvi siku hizo. Aliyetoka zamu ya usiku amwambie daktari. Dawa nyingine huharibu majibu, lakini, ndugu yangu, usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe. Ngoja daktari akuambie.

Majibu yakiacha shaka, mtu hutiwa maji ya chumvi lita 2 katika mshipa kwa saa 4. Aldosteroni isiposhuka, ugonjwa umethibitika. Kisha tezi hupigwa picha, na kabla ya kupasua huchukuliwa damu katika mshipa wa kila tezi, ili ijulikane mkosaji ni ipi. Ikiwa ni moja, huondolewa. Ikiwa ni zote mbili, viko vidonge vya spironolaktoni, vinavyoizuia aldosteroni kufanya kazi yake.

Na hii si habari ya Wazungu tu. Mwaka 2017 madaktari wa Nijeria, Kenya na Afrika ya Kusini walichapisha kazi yao juu ya wagonjwa wenye presha sugu. Waliochaguliwa dawa kwa kufuata kipimo hiki, presha yao ilitulia zaidi kuliko ya wenzao.

Nani aulize? Hasa ni yule anywaye dawa tatu na presha bado ni 140 juu ya 90 au zaidi, mwenye potasiamu ya chini, na yule ambaye jamaa yake alipata presha au kiharusi kabla ya miaka 40. Tena mwongozo wa mwaka 2025 wa wataalamu wa homoni washauri kila mwenye presha apimwe.

Kwa hiyo nauliza Chama mambo mawili. Kwanza, tudai kipimo hiki kiingizwe katika matibabu ya wafanya kazi, maana ni ghali kwa mtu mmoja. Pili, mtu asiachishwe kazi kwa sababu ya presha kabla ya chanzo chake kutafutwa. Injini haitupwi kabla fundi hajaifungua. Je, mtu ni duni kuliko injini?