Profesa Aliyekubali Kuulizwa



Sisi wa Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga hadi Murongo, twatamani watoto wetu wasome sayansi. Lakini ni mara ngapi twawanyamazisha wanapouliza?

Tumtazame Profesa Denis Osborne, Mwingereza aliyefundisha fizikia chuoni Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Siku alipozuru shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, mwanafunzi Erasto Mpemba alimwuliza: mbona maji ya nyuzi 100 yakitiwa katika friji huganda kabla ya maji ya nyuzi 35 yaliyo sawa kwa kipimo? Wenzake wakacheka. Mwalimu wake mmoja alikwisha kumkejeli zamani kwa jambo hilo hilo. Profesa naye, kama alivyokiri baadaye, alidhani kijana amekosea, lakini hakumpuuza. Aliporejea Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Maji ya moto yakatangulia kuganda, na fundi, maskini, akaahidi kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi!

Wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo hilo. Makala yenyewe ilichapishwa mwaka 1969 kwa majina mawili, na lililotangulia ni la mwanafunzi.